Je, Ni Jino au Ni Pua? Tuchunguze Kabla ya Kung'oa



Miezi ya kiangazi huku kwetu Usukumani ni miezi ya vumbi. Pamba imekwisha kuchumwa, mashamba yako wazi, na upepo unapovuma kutoka Maswa hadi Malampaka huwezi kuona mwisho wa barabara. Vinu vya kuchambulia pamba vinafanya kazi, na nyuzi zake laini zinaruka hewani. Ndiyo miezi ambayo sisi wauguzi tunawaona watu wengi wakiingia hospitalini wameshika shavu kwa mkono mmoja. Wengi wao wamekwisha kujipima wenyewe na kujiandikia dawa: "Sista, ni jino. Naomba mning'oe."

Mara nyingi ni kweli, ni jino. Lakini si mara zote. Mwezi huu tunapenda kueleza jinsi ya kutofautisha maumivu ya jino na maumivu ya mifuko ya hewa iliyoko ndani ya mifupa ya uso. Tunaeleza jambo hili kwa sababu jino la mtu mzima likishang'olewa halioti tena.

Mama aliyetaka jino la tatu ling'olewe

Alifika kwetu mama mmoja, mkulima wa pamba kutoka vijiji vya upande wa Malampaka. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa shida, kitenge kikiwa kimefungwa kuzunguka taya. Alikuwa amekwisha kung'olewa magego mawili ya juu, upande wa kulia, kwa nyakati mbili tofauti. Kila mara maumivu yalianza baada ya mafua makali, na kila mara yalipungua siku chache baada ya kung'oa. Sasa yalikuwa yamerudi, naye alitaka gego la tatu litoke.

Tulimwuliza, "Mama, ni jino lipi hasa linalouma?"

Aliweka kidole juu ya jino moja, akakisogeza kwenye la pili, kisha kwenye la tatu, na mwisho akalishika shavu zima. "Yote, wanangu. Yameungana."

Alipoinama kuokota kikapu chake alishtuka na kushika uso. Tulipomwangalia kinywani, magego yaliyobaki yalikuwa mazima, bila tundu wala ufizi uliovimba. Tabibu wa meno aliyagonga moja moja, na yote yaliuma kidogo kwa kiasi kilekile. Pua ya upande ule ilikuwa imeziba, na kamasi zilizotoka zilikuwa nzito na za njano. Maumivu yake hayakutoka kwenye jino. Alitibiwa mifuko ya hewa, na baada ya majuma mawili alirudi akitafuna vizuri kwa gego lile lile alilotaka tuling'oe.

Lakini mawili ya kwanza hayakurudi. Inawezekana yalikuwa mazima tangu mwanzo, nayo maumivu yalipungua kwa sababu mafua yenyewe yalikuwa yanakwisha. Wahenga walisema, jino la pembe si dawa ya pengo.

Mifuko ya hewa ni nini?

Mifupa ya uso wetu si mizito kama jiwe. Ndani yake mna mapango madogo yaliyojaa hewa, ambayo wataalamu huyaita sainasi. Yako jozi 4: yaliyo ndani ya mashavu, yaliyo kwenye paji la uso juu ya macho, yaliyo kati ya pua na macho, na yaliyo nyuma kabisa ya pua. Makubwa kuliko yote ni yale ya mashavuni.

Mapango haya yamefunikwa ndani kwa utando mwororo unaotoa ute, sawa na utando wa puani. Ute huo hunasa vumbi na vijidudu, kisha husukumwa kupitia matundu madogo mpaka puani. Mtu akiwa mzima, kazi hii hufanyika usiku na mchana bila yeye kuitambua. Lakini akipata mafua, utando huvimba na matundu yale huziba. Ute hukosa njia ya kutoka, hujikusanya, na pengine hugeuka usaha. Hapo ndipo uso huhisi mzito na kuanza kuuma. Mfuko wa shavuni una taabu zaidi, kwa sababu tundu lake liko juu, karibu na paa lake. Ni kama mtungi uliotobolewa karibu na mdomo: maji ya chini hayatoki yenyewe.

Kwa nini meno huchanganya watu?

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni ujirani. Mizizi ya magego ya juu imesimama chini kabisa ya sakafu ya mfuko wa shavuni. Kwa watu wengine kati ya mzizi na mfuko kuna mfupa mwembamba sana, na kwa wengine ni utando tu. Mfuko ukijaa usaha, mizizi huhisi mzigo ule, na mtu huona meno yanamwuma hata kama hayana tatizo lolote.

Sababu ya pili ni mishipa ya fahamu. Meno ya juu, shavu na mfuko wa shavuni hupeleka habari kwenye ubongo kupitia tawi moja la mshipa mmoja. Ni kama nyumba tatu zenye mlango mmoja wa mbele. Mtu akipiga hodi, aliye ndani hawezi kujua mara moja hodi imetoka kwa nani.

Jambo hili si geni. Mwaka 1651 daktari Mwingereza Nathaniel Highmore aliandika habari za mama mmoja aliyeng'olewa jino la juu, na usaha ukawa unaendelea kutoka kwenye tundu. Mama yule alijaribu kuingiza unyoya wa ndege katika tundu, ukazama sana mpaka akaogopa kwamba umefika kwenye ubongo. Highmore alimtuliza kwa kumweleza kwamba unyoya umeingia kwenye pango la shavu tu. Mpaka leo vitabu vya uganga hulitaja pango hilo kwa jina lake.

Dalili za maumivu ya jino

Kwa kawaida jino bovu lina dalili hizi:

1. Mgonjwa anaweza kuliweka kidole jino moja na kusema, "Ni hili hapa."

2. Maumivu ni makali, ya kuchoma au ya kupwita kama mapigo ya moyo.

3. Huamshwa na maji baridi, chai ya moto au kitu kitamu, na huendelea hata baada ya kumeza.

4. Kutafuna upande huo huuma, au jino huonekana kana kwamba limekuwa refu kuliko mengine.

5. Pengine kuna tundu, jino limevunjika, au kwenye ufizi kuna kijipu kinachotoa usaha mchungu.

6. Pua haina shida, na mgonjwa hakuwa na mafua siku zilizotangulia.

Dalili za maumivu ya mifuko ya hewa

1. Yanauma meno kadhaa ya juu kwa pamoja, hasa magego, na mgonjwa hawezi kutaja moja.

2. Maumivu ni mazito, ya kubana, yanayoanzia shavuni na kufika chini ya jicho au kwenye paji la uso.

3. Huzidi mtu anapoinama kufagia, kupalilia au kufunga kamba za viatu, na anaporuka au kushuka ngazi kwa kishindo.

4. Yalianza wakati wa mafua au muda mfupi baadaye.

5. Pua imeziba, kamasi ni nzito, au ute unateremka kooni na kuleta kikohozi usiku.

6. Mgonjwa hasikii harufu vizuri, hata ya chakula kinachoungua jikoni.

Homa inaweza kuwapo katika magonjwa yote mawili. Huku kwetu, mwenye homa na kichwa kuuma asiamue mwenyewe kwamba ni mafua au ni jino, bali apimwe malaria kwanza. Vilevile asiamue kwamba ni malaria bila kipimo. Tumewaona watu waliomeza dawa ya mseto mara tatu kwa ugonjwa uliokuwa shavuni.

Majaribio matano ya nyumbani

Majaribio haya hayachukui nafasi ya tabibu. Lakini yatakusaidia kujua uende na maneno gani.

La kwanza, jaribio la kidole. Mwambie mgonjwa aoneshe mahali panapouma kwa kidole kimoja. Akionesha jino moja bila kusita, tuhuma iko kwenye jino. Akitumia kiganja kizima, fikiria mifuko ya hewa.

La pili, jaribio la taya la chini. Je, linalouma ni jino la chini? Hakuna mfuko wa hewa katika taya la chini. Jino la chini likiuma, usisingizie mafua.

La tatu, maji baridi. Sukutua polepole upande unaouma. Maumivu yakiruka na kukaa zaidi ya nusu dakika, jino hilo linahitaji matibabu mapema.

La nne, kijiko. Kwa mpini wa kijiko safi, gonga jino moja moja, taratibu, ukianzia upande usiouma. Moja likimfanya mgonjwa aruke na mengine yakiwa kimya, umepata jino. Yote ya upande ule yakiuma kidogo kwa usawa, angalia pua.

La tano, kuinama. Mgonjwa akae, kisha ainamishe kichwa mpaka karibu na magoti na kuhesabu hadi kumi. Uzito ukimiminika kwenye shavu au paji la uso, mifuko ya hewa inashukiwa. Hata hivyo jipu la jino nalo huweza kupwita mtu akiinama au akilala, kwa hiyo usitegemee jaribio hili peke yake.

Jino linapojificha nyuma ya pua

Sasa tutaje jambo linalowapoteza hata wajuzi. Jino lililooza mpaka kiini chake kikafa haliumi tena kwa maji baridi. Mtu hufurahi akidhani limepona. Kumbe usaha umepanda kutoka kwenye mizizi na kuingia katika mfuko wa shavuni, na sasa ugonjwa unaonekana puani.

Tulimpokea kijana mmoja, mwendesha bodaboda, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akitokwa na kamasi upande mmoja tu wa pua, na harufu yake ilikuwa mbaya hata abiria wake walianza kumkwepa. Aliamini ni vumbi la barabarani. Kila alipopata fedha alinunua vidonge vichache vya rangi mbili dukani, akapata nafuu kwa siku kadhaa, kisha ugonjwa ukarudi. Hakuwahi kulalamika jino. Picha ya eksirei ilionyesha gego la juu lililokufa na usaha kwenye mizizi yake. Lilipotibiwa gego, pua ikakauka.

Basi kumbukeni: mafua ya kawaida hushika pande zote mbili za pua na huisha. Uchafu unaotoka upande mmoja tu, wenye harufu mbaya, usiokoma kwa majuma mengi, unadai kinywa kichunguzwe. Kwa mtoto mdogo dalili hiyo hiyo inaweza pia kuonyesha kwamba amejiingiza punje ya harage, mahindi au shanga puani. Asichokonolewe nyumbani, aletwe.

Jambo jingine: mtu aliyeng'olewa gego la juu, kisha akanywa maji yakatokea puani, amepata tundu kati ya kinywa na mfuko wa shavuni. Hilo hutokea pengine hata kwa tabibu stadi, kwa sababu ya ule ujirani tuliousema. Asipenge kamasi kwa nguvu, asivute sigara, na arudi hospitalini siku hiyo hiyo au kesho yake.

Mtoto mwenye meno yanayolegea

Hapa tunawaomba wazazi na bibi wasome mara mbili. Mtoto ambaye taya au shavu lake linavimba haraka, meno yanalegea bila kuwa na matundu, au jicho linasukumwa nje, huenda hana ugonjwa wa jino wala wa pua. Upo uvimbe wa saratani unaowapata watoto wa nchi zetu zenye malaria nyingi. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari zake mwaka 1958, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Hukua haraka sana, kwa siku na majuma, si kwa miaka. Lakini dawa zake zipo, na watoto wengi wanaowahi hupona.

Kwa hiyo, meno ya mtoto wa namna hiyo yasing'olewe kwa waganga wala kwa jirani. Aletwe hospitalini mara moja, ili apelekwe Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ambako watoto wenye saratani hutibiwa. Tusipoteze mwezi mzima tukichanja uvimbe na kupaka dawa.

Tufanye nini nyumbani?

Ikiwa dalili ni za mifuko ya hewa na mgonjwa hana dalili za hatari, habari njema ni kwamba wengi hupona wenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Wengi wana virusi, na vidonge vya kuua bakteria haviwezi kuua virusi. Fanyeni haya:

Oshea pua kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha weka nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha robo lita. Inamia beseni na kuyavuta kidogo kidogo kutoka kwenye kiganja safi, au tumia bomba la sindano jipya lisilo na sindano. Usitumie maji ya kisima au ya lambo ambayo hayajachemshwa.

Weka kitambaa cha maji ya moto ya kiasi juu ya shavu, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Hatupendi watoto wafukizwe kwenye sufuria la maji yanayochemka, kwani tumewahudumia walioungua.

Kunywa maji ya kutosha, na ulale kichwa kikiwa juu kidogo.

Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2, kila baada ya saa 6, asizidishe vidonge 8 kwa siku moja. Mtoto hupewa kwa kipimo cha uzito wake, kwa hiyo uliza kwanza. Watoto wasipewe aspirini.

Matone ya kuzibua pua yanayouzwa madukani yasitumike zaidi ya siku 5. Yakizidi, pua huyazoea na kuziba zaidi.

Ikiwa dalili ni za jino, parasetamoli na kusukutua kwa maji vuguvugu ya chumvi vitakupunguzia taabu mpaka umfikie tabibu, lakini havitaliponya. Usiweke aspirini juu ya ufizi, kwani huuchoma. Usiweke ugoro, mafuta ya taa wala maji ya betri. Na vidonge vya kuua bakteria peke yake haviponyi jino lililooza: huutuliza moto, lakini kuni zimebaki jikoni.

Si kila jino bovu ni la kung'oa

Watu wengi huamini kwamba tabibu wa meno kazi yake ni koleo tu. Sivyo. Jino lililotoboka ambalo kiini chake bado ni kizima linaweza kuzibwa na kutumika kwa miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba meno isiyohitaji umeme wala mashine, na mmoja wa walioianzisha ni Mholanzi Jo Frencken. Uozo huondolewa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa dawa inayoshikamana na jino. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipotolewa kwa ajili ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa mataifa mengine. Ndivyo ujuzi ulioanzia kwetu ulivyosaidia watu wa mbali.

Lakini njia hiyo humfaa anayewahi. Jino likishaanza kupwita usiku, uozo umefika ndani, na matibabu yake huwa makubwa na ya gharama zaidi, au hubaki koleo peke yake. Ndiyo maana tunawaambia: njoni jino linaposhtuka kwa maji baridi, msingoje liwakoseshe usingizi.

Ufikapo hospitalini

Usianze kwa kusema, "Ning'oeni jino." Anza kwa kueleza maumivu. Sema yalianza lini, kama ulikuwa na mafua, kama ni jino moja au mengi, kama unapoinama yanazidi, na kama maji baridi yanayaamsha. Taja dawa ulizokwisha kumeza, hata za mitishamba. Kisha uliza kwa heshima, "Je, daktari, mna hakika ni jino hili?" Hilo si swali la utovu wa adabu. Sisi watumishi wa afya huwa na foleni ndefu, na mgonjwa anayejieleza vizuri hutusaidia tusikosee. Kama eksirei ipo na tabibu anaishauri, usiikwepe, kwani gharama yake ni ndogo kuliko pengo.

Njoo hata kama umejitibu nyumbani, ikiwa siku 10 zimepita bila nafuu, au ikiwa ulikuwa umeanza kupona kisha homa na maumivu vikarudi kwa nguvu. Hapo ndipo vidonge vya kuua bakteria vinaweza kuhitajika, navyo vimalizwe kama ulivyoelekezwa.

Dalili za hatari: usingoje asubuhi

Usaha wa jino au wa mfuko wa hewa unaweza kusambaa. Mpeleke mgonjwa hospitalini usiku huo huo ukiona mojawapo ya haya:

1. Jicho limevimba, limefumba, linaona viwili viwili au haliwezi kugeuka.

2. Uvimbe uko chini ya taya au chini ya ulimi, au kinywa hakifunguki.

3. Mgonjwa hawezi kumeza mate, au anapumua kwa shida.

4. Kichwa kinauma kupita kiasi, shingo imekakamaa, anasinzia mno au anachanganyikiwa.

5. Homa ni kali na uso unaendelea kuvimba.

Tuongeze moja kwa ajili ya wazee wetu: maumivu ya taya yanayokuja mtu anapotembea au kubeba mzigo na kutulia akipumzika, hasa yakiambatana na kubanwa kifua na jasho, yanaweza kutoka kwenye moyo. Naye asicheleweshwe.

Tujikinge

Wanaofanya kazi penye vumbi la pamba wafunge kitambaa puani na mdomoni, na waoshe uso na pua wanapotoka kazini. Nyunyizieni ua maji kabla ya kufagia. Jiko la kuni liwe na njia ya moshi, na mtoto mgongoni asikae juu ya moshi. Anayevuta sigara aache, kwani moshi wake huumiza utando ule unaosukuma ute.

Kwa meno, pigeni mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi. Soda, pipi na biskuti visiwe chakula cha kila siku cha watoto. Mtoto asilale na chupa ya maziwa au chai yenye sukari kinywani.

Yule mama wa magego matatu bado huja kliniki kumleta mjukuu wake. Kila akituona hucheka na kugonga shavu lake kwa kidole: "Lipo!" Tunatamani kila familia inayosoma ukurasa huu iseme hivyo. Basi safari nyingine shavu likiuma, kabla ya kulitafuta koleo, ulizeni kwanza: ni jino moja au ni mengi? Na pua inasemaje?

Tukutane tena mwezi ujao.